Namba Iliyoandikwa Chini ya Kadi Ni Yangu

Nilipigiwa simu.

Naanzia hapo hapo, maana hapo ndipo nilipokuwa napakwepa. Polisi waliniuliza kama kuna mtu aliyewahi kunipigia kumuulizia yule mtoto, nikasema hapana. Mwalimu Mkuu aliniuliza, nikasema hapana. Mume wangu aliniuliza tukiwa mezani, nikamwambia aache kunihoji kama hakimu. Mama wa mtoto hakuniuliza, yeye aliniamini. Hata yeye nilimwambia hapana bila kuulizwa, huku namkorogea sukari kwenye chai.

Nilikana siku nne nzima. Msinicheke mkasema siku nne si kitu. Mtoto akiwa hajulikani alipo, siku nne ni ndefu kuliko kifungo.

Nilipigiwa simu, nikapokea, nikajibu kwa ile sauti tamu ya mtu aliyesoma. Ee Mungu wangu!

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu. Nina shahada, na nafanya kazi katika ofisi ya kupitisha mizigo forodhani hapa Tunduma. Kazi yangu ni karatasi. Lori likikwama kwa sababu ya herufi moja, naitwa mimi. Ukikaa na karatasi miaka mingi unaanza kuamini kwamba jambo lisilo na fomu halipo, na jambo lenye fomu limekwisha kutatuliwa. Huo ndio ugonjwa wangu, na niliupata chuo kikuu kwa kodi za watu.

Mwanangu wa mwisho alikuwa anasoma shule ya msingi ya serikali. Wazazi wakanichagua kuingia kamati ya shule, wakaanza kuniita Msomi Wetu. Basi nikitoka mkutanoni nilikuwa natembea kama niliyejitwika ndoo ya maji, sifa isije ikamwagika.

Sasa niwaeleze habari ya neno.

Akina mama wengi wa shule yetu huvuka mpaka kila asubuhi kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kuuza na kununua. Wapo wanaorudi mapema, wapo wanaokwama huko. Ukikwama unamtuma mtu akuchukulie mtoto: mdogo wako, mpangaji mwenzako, bodaboda unayemwamini. Ndiyo maana shule ilikuwa na daftari moja la jalada gumu, tangu kabla yangu. Humo kila mama alikuwa na neno lake. Anayekuja kumchukua mtoto anamtajia mlinzi neno, mlinzi analipeleka kwa Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mkuu anafungua kabati na kulinganisha. Huna neno, huna mtoto, hata uwe bibi yake mzaa mama.

Na maneno yenyewe yalikuwa vichekesho! Kuna aliyeandikisha "kisamvu". Kuna aliyeandikisha "shemeji mlevi". Wengi walichagua "Yesu", mpaka Mwalimu Mkuu akapiga marufuku, akasema jina hilo hata mwizi analijua.

Ufunguo wa kabati alikuwa anauvaa shingoni. Alikuwa mama mnene, mpole, mzaliwa wa Isongole, anaongea taratibu kama anayechambua mchele. Getini alikaa mzee mmoja ambaye watoto walimwita Babu Geti, na sisi wakubwa tukamwita hivyo hivyo.

Mimi nikaliona lile daftari, nikaona aibu. Daftari! Zama hizi!

Shule haikuwa na kompyuta. Nikapendekeza kwenye kamati kwamba kazi zote za kuchapa tumpe mtu wa nje. Nikamtaja Ezekia, mwenye duka la kuchapa, kutoa nakala na kupiga picha za paspoti karibu na stendi.

"Na huyu Ezekia akikosea," Mwalimu Mkuu akauliza, "tutamuuliza nani?"

"Tutamuuliza Ezekia."

"Ezekia si mwalimu, mama. Mimi nikikosea, Afisa Elimu ananiita. Ezekia anaitwa na nani?"

"Anaitwa na mkataba, Mwalimu."

Wajumbe wakacheka. Mzee mmoja akapiga meza. "Mpeni Msomi Wetu aandike! Tumemchagulia nini?"

Nikaandika. Ukurasa mmoja, umepangwa ukapangika. Ulitaja siku ya kukabidhi kazi, aina ya karatasi na rangi ya wino. Haukutaja hata kwa mstari mmoja kitu ambacho Ezekia haruhusiwi kufanya na majina na sura za watoto wa watu. Kamati ikapitisha: mitihani na ripoti, basi. Mwalimu Mkuu akaomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba daftari la maneno halitatoka kabatini.

Halikutoka. Siku moja alipokuwa na wageni nilimwomba nilitazame kidogo, nikaketi pembeni ya ofisi yake nikalinakili lote. Daftari likabaki kabatini, yaliyomo nikaondoka nayo kwenye mkoba. Hiyo ndiyo akili ya msomi!

Nilikuwa na mpango wangu. Kila mtoto wa akina mama wanaovuka mpaka atakuwa na kadi nzuri, ngumu, ya kumpa yule anayetumwa kumchukua. Ina picha ya mtoto, jina, shule, darasa, jina la mama, na neno.

Ndiyo. Neno la siri niliamuru lichapwe kwenye kadi. Kwa herufi nzito.

Na chini kabisa: "Kwa maelezo zaidi piga simu kwa Msimamizi wa Mradi." Halafu namba yangu. Cheo hicho hakuna aliyenipa. Nilijipa mwenyewe nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya Ezekia, naye akakichapa bila kucheka, Mungu ambariki.

Niliwanyamazia wote, niwashangaze siku ya mkutano wa wazazi. Picha zilipopigwa uwanjani nilisema ni za kumbukumbu.

Kulikuwa na mtoto wa darasa la tatu, Vumilia, tukimwita Vumi. Mama yake aliuza vitenge, na mimi nilikuwa mteja wake na rafiki yake. Alitoka Msangano, bondeni, alikoolewa na wafugaji. Mume alipofariki, ukoo ulitaka arithiwe na mdogo wa marehemu. Akakataa. Wakamwambia aende zake ila mtoto abaki, kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa. Akaondoka na mtoto akiwa mgongoni, akaja kupanga Chapwa, hapa hapa Tunduma, miaka miwili wakawa hawajui aliko.

Katika daftari, mbele ya jina la Vumi, Mwalimu Mkuu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Asitolewe kwa ndugu wa baba, hata wakija na neno."

Niliyasoma maandishi hayo. Nilielewa maana yake. Kwenye kadi sikuyaweka, kwa sababu nafasi haikutosha.

Someni tena hapo. Nafasi haikutosha!

Simu ilikuja Jumatano saa tano asubuhi. Nilikuwa ofisini, madereva watatu wamesimama mbele yangu na karatasi zao. Namba siijui.

"Ni msimamizi wa mradi?"

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nikakaa wima.

"Ndiye mimi. Nikusaidie nini, ndugu yangu?"

"Mimi ni mjomba wa mtoto Vumilia. Kadi yake nimeiona. Hawa watoto wanatoka saa ngapi?"

"Darasa la tatu saa nane mchana. Ukifika mtajie mlinzi neno lililo kwenye kadi."

"Hili la mchicha wa bibi?"

"Hilo hilo."

"Aisee mama, mmejipanga."

"Tunajitahidi," nikasema.

Tunajitahidi! Nilikata simu nikiwa na tabasamu. Nikadhani Ezekia ameanza kugawa kadi bila kunisubiri, nikakasirika kidogo kwamba ameniharibia sherehe yangu. Basi. Nikawageukia madereva.

Alhamisi saa kumi jioni Mama Vumi aliingia ofisini kwetu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Dada, Vumi yuko kwako?"

"Kwangu? Hapana. Kwa nini?"

"Kachukuliwa. Babu Geti anasema kaja mwanaume wa kofia, katoa neno. Dada, mimi sikumtuma mtu!"

Mwalimu Mkuu siku hiyo alikuwa kwenye kikao, na kabati limefungwa. Babu Geti, kwa jinsi alivyokaa pale miaka mingi, alikuwa anayajua maneno yote kwa kichwa. Alisikia "mchicha wa bibi", likawa lenyewe, akamwambia mtoto nenda. Wino mwekundu hakuwahi kuuona, ulikuwa kabatini.

 Palepale, kabla Mama Vumi hajamaliza kusema, nilijua. Na palepale mdomo wangu ukasema, "Tulia, mwenzangu, atakuwa kwa majirani."

Mama Vumi aliwashuku kwanza shemeji zake, na polisi nao vilevile. Huko Msangano wazee wa ukoo waliapa kwa kaburi la marehemu kwamba mtoto hawajamwona. Nyumba zikapekuliwa, hayumo. Yule mdogo wa marehemu je? Wakasema amehamisha ng'ombe mbali, laini ya simu amebadilisha, namba yake mpya hawana.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza. Kama si shemeji, basi ni nani? Malori yalikuwa yamepanga foleni ya kuingia Zambia, na kila turubai niliyoiona nilimwona Vumi chini yake. Akina mama walianza kunong'ona yale ambayo watu wa mkoa huu tunajua kuyanong'ona mtoto anapopotea. Sitayaandika. Mnayajua.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Ezekia. Sikufika hata mlangoni. Kwenye kioo cha dirisha, katikati ya maharusi na wahitimu, palikuwa na kadi ya Vumi. Anacheka, pengo la meno mawili mbele. Jina, shule, darasa, mama, neno, namba yangu.

Nyote mnajua desturi ya wapiga picha wetu. Picha iliyotoka vizuri inawekwa dirishani kuita wateja, na mwenye picha huona fahari. Hata ya harusi yangu iliwahi kukaa dirishani mwaka mzima!

"Ezekia! Hii nini?"

"Sampuli, dada. Huyu mtoto ana tabasamu la biashara. Toka niiweke, shule mbili zimeulizia."

"Nani mwingine kaulizia?"

Akafikiri. "Jumanne kuna jamaa wa kofia, mfugaji hivi, alikuja kutoa nakala ya kibali cha ng'ombe. Akasimama hapo dirishani kama nusu saa. Akaomba karatasi anakili ile namba yako."

"Na wewe ukampa?"

"Si imeandikwa hapo apige? Dada, mkataba umeuandika wewe. Nionyeshe palipoandikwa nisiweke dirishani."

Hapakuandikwa. Nilikuwa naujua ule mkataba kwa kichwa.

"Mimi ni mtoa huduma tu," akasema Ezekia. "Watoto ni wa shule. Kamati ndiyo iliyosaini."

Kamati ingesema ni mambo ya Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu angesema kamati ilipitisha mitihani tu. Mduara mzuri kabisa, na ndani yake hakuna mtu. Nilisimama pale nikatambua kwamba kumbe ndiyo kazi niliyoifanya kwa ufundi wangu wote: kutengeneza jambo lisilo na mwenyewe.

Nikaichomoa kadi dirishani. Nikamwambia Ezekia azifute zote kwenye kompyuta, na kwamba hajawahi kuziona. Alikubali upesi.

Siku hiyo hiyo walimkamata Babu Geti. Neno lilijulikana na mtoto, mama, Mwalimu Mkuu na yeye. Polisi walifanya hesabu yao wakaona mzee ndiye aliyeliuza. Mimi ni mtu wa tano, ila hakuna aliyejua kwamba nipo.

Namba ya yule mtu nilikuwa nayo kwenye simu. Nielewe vizuri, wewe unayesoma: namba ambayo ukoo mzima ulisema hauna, nilikuwa nayo kwenye pochi. Sikuwa na ujasiri wa kuifuta, wala wa kuipiga. Nikiitoa, wataniuliza nimeipata wapi. Nikisema nimepigiwa, wataniuliza nilijibu nini. Nikifika hapo nilikuwa nasikia mwenyewe ninavyosema "Tunajitahidi".

Jumamosi nilishinda kwa Mama Vumi, kwenye mkeka, pamoja na majirani, kama msibani. Nikapika chai. Nikaosha vikombe. Nilijituma kuliko wote!

"Wewe dada umesoma," Mama Vumi akaniambia.  "Neno langu limetokaje?"

Wanawake wote wakanigeukia.

"Labda walibahatisha," nikasema.

"Mchicha wa bibi, shoga?" jirani mmoja akadakia. "Mtu abahatishe mchicha, sawa. Na wa bibi pia?"

 Mama Vumi akatikisa kichwa. "Babu Geti hawezi. Yule mzee humbeba Vumi kuvuka mtaro mvua ikinyesha. Hawezi." Kisha akaanza kukunja sare ya mtoto, akaikunjua, akaikunja. Mimi nikaenda kuongeza maji kwenye birika ambalo lilikuwa limejaa.

Jumapili baada ya ibada alikuja Mwalimu Mkuu. Alikataa kiti. Alipiga magoti kwenye mkeka, kwa unene wake ule, mbele ya mwanamke aliye mdogo kwake kwa mbali.

"Mwanangu," akamwambia, "nimetoka polisi. Nimewaambia daftari liko chini yangu, na ufunguo ninao mimi. Kama neno limetoka, limetoka kwangu. Nimewaambia waniweke mimi ndani, wamwachie yule mzee. Wamesema wanafikiria. Nimekuja kukuambia mwenyewe, usilisikie barabarani."

Mtu ambaye hakufanya lolote ndiye aliyesema "ni mimi". Na mimi nilikuwa nimeshika chujio la chai!

Kabla sijaandika yaliyofuata niseme hili, kwa sababu nikishayaandika sitakuwa na nguvu. Nyie mnaokaa kwenye kamati za shule, hasa nyie mnaoitwa wasomi: kazi ya shule ikitolewa kwa mtu wa nje, msiulize kwanza atafanya haraka kiasi gani. Ulizeni ataona nini, ataweka wapi, na siku mambo yakiharibika nani atasimama aseme ni mimi. Jina la mtu huyo likikosekana, msisaini. Na wewe mzazi, picha ya mwanao ikipigwa shuleni, uliza inakwenda wapi. Watakuona msumbufu. Kuwa msumbufu!

Babu Geti hakurudi getini. Alitolewa rumande akasema hawezi tena kumwambia mtoto wa mtu nenda. Mwalimu Mkuu alihamishwa, kwa barua isiyotaja sababu. Mimi hakuna aliyenifukuza, nilijiuzulu kwa barua iliyopangwa vizuri sana. Vitenge sasa nanunua kwa watu wengine. Mama Vumi nikikutana naye sokoni ananisalimia, "Habari," kama unavyomsalimia karani.

Basi, Jumapili ile niliweka chujio chini.

"Neno nimelitoa mimi," nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo mno, ikabidi nirudie. "Nililichapisha kwenye kadi. Kadi ikawekwa dirishani stendi. Jumatano mtu akanipigia kumuulizia Vumi, nikamjibu. Namba yake hii hapa."

Hakuna aliyepiga kelele. Ningeshukuru wangepiga. Mwalimu Mkuu ndiye aliyesema, taratibu vilevile, "Piga. Weka sauti tusikie wote."

 Simu iliita sana, nikadhani haitapokelewa. Ikapokelewa.

"Msimamizi wa mradi! Habari za huko?"

"Vumilia yuko wapi?"

 Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanalia, na mbwa.

"Mama, mbona unaniuliza kama mwizi?" akasema, wala hakuwa na hasira. "Nilikupigia. Nikakuuliza saa, ukaniambia. Nikauliza neno, ukasema hilo hilo. Nimefika, nimelisema, nimepewa mtoto wa marehemu kaka yangu. Sasa hapo nani ameiba?"

Mwalimu Mkuu alikuwa tayari anainakili ile namba kwenye karatasi ya kupeleka polisi. Mama Vumi alinyoosha mkono, nikampa simu.

"Shemeji," akasema. "Mpe mtoto simu."

Tulisikia hatua. Tulisikia mtu anaita kwa mbali, kisha mlango wa bati. Halafu pumzi ndogo, karibu sana na simu, kama watoto wanavyofanya.

"Mama?"

"Vumi."

"Baba mdogo alisema utapiga. Mbona umechelewa?"

 Mama Vumi aliishika ile simu kwa mikono miwili, akanitazama mimi.